Kubadilisha mipira ya mafuta kwenye pikipiki ya injekta bila kujiweka hatarini

Mpira wa mafuta wa pikipiki ya kabureta na ule wa pikipiki ya injekta hufanana sana kwa macho. Yote miwili ni myeusi na unene wake unakaribiana, na yote miwili huvutwa juu ya kidomo cha bomba na kubanwa kwa klipu. Tofauti yao imo ndani. Kabureta hupokea petroli inayoteremka kutoka tangini kwa uzito wake tu, au kwa msukumo mdogo wa pampu dhaifu, kwa hiyo mpira wake ukichakaa kwa kawaida huanza kutona. Injekta, kifaa kinachonyunyizia injini petroli, hulishwa na pampu ya umeme inayosukuma petroli kwa shinikizo ambalo katika pikipiki nyingi ni takriban kilopaskali 300, yaani kama PSI 43, kiasi kinachopita upepo unaojazwa kwenye tairi za pikipiki hiyohiyo. Mpira huo ukitoboka tundu dogo kama la sindano, petroli hairidhiki kutona, bali huruka kama ukungu, na mara nyingi huruka kuelekea kwenye injini iliyokwisha kupata moto.

Kazi yenyewe si ngumu, na mtu mwenye spana chache na mikono mitulivu anaweza kuifanya kwa nusu siku. Hatari yake kubwa iko katika nyakati mbili tu: pale unapofungua kiungo cha kwanza huku shinikizo bado limo ndani, na pale unapowasha swichi kwa mara ya kwanza baada ya kufunga kila kitu. Mengine yote yaliyoelezwa hapa yanalenga kuzifanya nyakati hizo mbili zipite bila tukio.

Kutambua kwamba mipira imechoka

Ishara ya kwanza kwa kawaida ni harufu. Pikipiki ya injekta iliyofungwa vizuri hainuki petroli inapolala ndani, kwa hiyo ukifungua mlango asubuhi ukakutana na harufu hiyo, usiizoee. Baada ya hapo inua tanki uiangalie mipira, hasa mahali inapokunjwa na mahali klipu zilipobana. Nyufa ndogo zinazoonekana unapoupinda mpira, ugumu unaoufanya ukatae kupindika, ulaini unaonata mkononi, uvimbe karibu na klipu au vumbi lililoganda kwa unyevu kuzunguka kiungo, lolote kati ya hayo linatosha kukupa uamuzi. Zipo pia pikipiki ambazo kitabu chake cha matengenezo kinaamuru mipira ibadilishwe kila baada ya miaka 4 au 5 hata kama inaonekana mizima. Agizo hilo lina msingi, kwa sababu tabaka la ndani, ambalo ndilo linaloguswa na petroli, huchakaa bila kuonekana kutoka nje. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huharakisha uchakavu huo katika mipira ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kuchagua mpira

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na kosa lake ni baya kwa sababu halijitokezi siku hiyo. Nimewahi kuinua tanki la pikipiki ambayo mwenyewe aliniapia kuwa ilibadilishwa mipira miezi michache tu iliyopita, nikakuta mpira wa kabureta umebanwa kwa klipu za bomba la maji. Ulikuwa umetuna katikati kama nyoka aliyemeza panya. Haukuwa umepasuka bado, na hicho ndicho kilichomfanya mwenye pikipiki aamini kwamba kazi ilifanyika sawasawa.

Mpira unaofaa hutambuliwa kwa maandishi yaliyochapwa ubavuni mwake. Viwango vinavyotumika zaidi ni vya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na vinavyohusu mipira ya mafuta huanza na J30. Mpira ulioandikwa J30R7 ni wa shinikizo dogo, na kwa ukubwa unaotumika kwenye pikipiki huhesabiwa kustahimili takriban PSI 50. Ulioandikwa J30R9 umetengenezwa kwa ajili ya injekta. Ndani yake umewekwa tabaka la mpira wenye florini, ambao hauliwi kwa urahisi na petroli wala ethanoli, na hustahimili angalau PSI 100. Kuna pia J30R10, ambao umetengenezwa ili uzame ndani ya petroli, na nitaurudia baadaye kidogo.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa mfumo unafanya kazi kwa PSI 43 na mpira wa R7 unabeba PSI 50, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba PSI 43 ni shinikizo la mfumo ulio mzima. Kidhibiti cha shinikizo kikikwama, au mpira wa kurudisha mafuta ya ziada tangini ukibinywa na tanki wakati wa kulirudisha mahali pake, pampu itaendelea kusukuma na shinikizo litapanda kupita kiasi hicho kwa mbali. Ongeza joto la injini, mtikisiko na miaka, na hiyo nafasi ya PSI 7 itakuwa imekwisha zamani. Mpira usio na maandishi yoyote usinunue hata kama muuzaji anausifu vipi.

Kipenyo cha ndani kipimwe kwenye nipeli, yaani kile kidomo cha chuma au plastiki kinachoingia ndani ya mpira, wala kisipimwe kwenye mpira wa zamani ambao ncha zake zimekwisha kutanuka. Ukubwa unaokutwa mara nyingi ni milimita 8 na milimita 6. Mpira mpana kuliko nipeli yake hauwezi kuokolewa na klipu, hata uikaze namna gani. Urefu nao uongeze kidogo kuliko unaohitaji, kwa kuwa kipande kirefu hukatwa lakini kifupi hakirefushwi.

Kuna pikipiki, hasa za miaka ya karibuni, ambazo hazitumii mpira wa kukata bali bomba la nailoni lenye viungo vya kubofya kwenye ncha zake. Bomba la namna hiyo libadilishwe zima kwa lingine la aina ileile. Kidomo chake ni laini na hakina meno ya kushika mpira, kwa hiyo kuvuta mpira juu yake na kuukaza kwa klipu ni kujidanganya.

Klipu

Klipu ya kawaida yenye matundu kwenye ukanda wake, ile inayokazwa kwa bisibisi, haifai hapa. Unapoikaza, meno yake huvuta ukanda, na mpira huingia ndani ya matundu na kukatwa kidogo kidogo. Tafuta klipu za injekta, ambazo ukanda wake ni mzima bila matundu, kingo zake zimekunjwa kwa nje ili zisiumize mpira, na hufungwa kwa bolti ndogo na nati. Mwendo wa kubana wa klipu hizi ni mfupi sana, pengine milimita 2 tu kati ya kulegea na kukaza mwisho, hivyo ni lazima upime unene wa nje wa mpira mpya kabla ya kuzinunua. Ikiwa kiwanda kilitumia klipu za kubonyezwa mara moja, zikate kwa uangalifu usizitumie tena. Klipu za springi zinaweza kubaki kwenye mpira wa kurudisha mafuta ikiwa ndizo zilizowekwa na kiwanda, kwa sababu upande huo shinikizo ni dogo.

Mahali pa kazi

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu na kupotea, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya mashimoni, na unaweza kukutana na moto ulio mita kadhaa mbali nawe. Fanya kazi nje penye kivuli, au ndani ya jengo ambalo milango yake yote imefunguliwa. Jiko, sigara, mashine ya kusagia chuma, kichemshia maji cha gesi na kifaa chochote cha umeme kinachotoa cheche viwe mbali au vizimwe kabisa. Taa ya kumulikia iwe ya LED inayotumia betri, kwa maana balbu ya kizamani yenye waya wa moto hupasuka inaporushiwa petroli baridi, na hapo hapo inakuwa kiberiti.

Weka kizima moto cha unga mkavu mahali ambapo mkono utakifikia bila kuvuka pikipiki. Ndoo ya maji haisaidii, kwani petroli huelea juu ya maji na moto husafiri nayo. Vaa miwani ya kukinga macho, na hili nalisisitiza kuliko glavu, kwa sababu petroli inayoruka kutoka kwenye kiungo chenye shinikizo huelekea usoni mwa anayekifungua. Glavu za nitrili zinafaa kuliko za mpira wa kawaida. Andaa pia matambara safi mengi na chombo cha chuma cha kupokea mafuta, kikiwa kimekaa chini ardhini na si juu ya plastiki, ili umeme tuli usijijenge.

Kutoa shinikizo

Pikipiki iwe imelala kutwa au usiku kucha bila kuwashwa, ili injini na ekzozi viwe baridi kabisa. Mafuta tangini yawe kidogo, kwa sababu tanki jepesi ni rahisi kuinua na mafuta yakimwagika yatamwagika machache.

Tafuta plagi ya nyaya za pampu, ambayo mara nyingi iko chini ya tanki, au fyuzi yake, kisha ichomoe. Washa injini. Itanguruma kwa sekunde chache ikitumia petroli iliyobaki kwenye mipira, halafu itazimika yenyewe. Bonyeza stata tena kwa sekunde 2 au 3 ili kumaliza mabaki, funga swichi, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Kwa kuwa injini imefanya kazi muda mfupi mno, haitakuwa imepata joto la kutia wasiwasi. Ukiona imeendelea kunguruma kwa dakika nzima, basi ulichomoa plagi isiyo yake, nawe itabidi uisubiri ipoe upya baada ya kupata iliyo sahihi.

Hata baada ya hayo, usiamini kwamba ndani hamna kitu. Zungushia kiungo cha kwanza tambara nene, legeza klipu taratibu, na uuache mpira upumue kabla hujauvuta. Vijiko kadhaa vya petroli vitatoka kwa vyovyote, na tambara litavipokea. Ikiwa injini ilikuwa mbovu na haikuweza kuwashwa, basi tambara na subira ndiyo njia pekee uliyonayo ya kutoa shinikizo, na miwani haina mjadala.

Kuondoa mipira ya zamani

Kabla ya kuondoa chochote, piga picha za njia ambayo kila mpira unapita, kutoka pembe zaidi ya moja. Futa vumbi kwenye viungo vyote. Mchanga unaoingia kabla ya filta utanaswa, lakini unaoingia baada ya filta utafika moja kwa moja kwenye injekta, ambayo matundu yake ni membamba kuliko nywele mbili tatu zilizowekwa pamoja. Badilisha mpira mmoja baada ya mwingine, ukitumia ule wa zamani kama kipimo cha urefu na mkunjo. Ukiivua yote kwa pamoja, utajikuta unabahatisha upi ulikwenda na upi ulirudi.

Mpira uliokaa miaka huwa umegandamana na nipeli, na kishawishi ni kuung'ang'ania kwa koleo na kuuyumbisha huku na huku. Nipeli za plastiki huvunjika kwa njia hiyo, na nipeli ya pampu ikivunjika mara nyingi hulazimika kununuliwa pampu nzima. Pasua mpira kwa urefu ukitumia kisu kikali, ukisimama kabla ncha ya kisu haijagusa nipeli, kisha ubandue kwa kidole gumba kama unavyobandua ganda la ndizi. Mkwaruzo mmoja wa kisu juu ya nipeli unaweza kuwa njia ya petroli kwa maisha yote ya pikipiki. Ncha zilizobaki wazi zizibwe mara moja kwa vizibo safi.

Ukiwa umeushika mpira wa zamani, upasue wote uangalie ndani yake. Ukikuta tabaka la ndani linabanduka kama magamba, au vidole vinachafuka weusi unapoligusa, vipande vyake vimekwisha kusafiri, na filta ya mafuta ibadilishwe katika kazi hiyohiyo, mshale wake ukielekezwa upande wa injekta.

Kufunga mipira mipya

Kata mpira kwa kisu kikali au kikatio cha mipira, ukiukata wima bila kukilaza kikatio. Msumeno na mkasi butu huacha makombo ya mpira ndani. Puliza hewa ndani ya kila kipande, kisha kielekeze kwenye mwanga uone kuwa kimesafika. Vesha klipu mbili kwanza, ndipo uingize mpira. Naandika hili kwa sababu hakuna fundi ambaye hajawahi kulisahau.

Lowesha nipeli kwa tone la petroli au oili safi ya injini, kisha sukuma mpira ukiuzungusha kidogo mpaka uvuke meno yote na ufike mwisho. Silikoni, sabuni na grisi zisitumike, kwani mabaki yake huingia kwenye mfumo au huufanya mpira uteleze baadaye. Klipu ikae nyuma ya jino, si juu yake, ikiacha milimita 2 au 3 hadi ncha ya mpira. Ikaze mpaka uso wa mpira uinuke kidogo na kuwa sawa na kingo za ukanda, kisha usimame. Kukaza zaidi hakuongezi usalama, kunaukata mpira tu.

Njia ya mpira ina uzito uleule wa kiungo chake. Mpira usiguse ekzozi wala kichwa cha injini, usisuguane na fremu, na mkunjo wake uwe mpana ili usijibane katikati. Shusha tanki polepole huku ukitazama kwa taa ubavuni, kisha geuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Mpira unaokaa vizuri tanki likiwa juu unaweza kubinywa kabisa tanki likishuka.

Viungo vya kubofya vioshwe kabla ya kufunguliwa, kwa sababu mchanga ndio unaovifanya vikwame na watu kuvivunja kwa koleo. Vikisafika, vidole vinatosha. Pete ya mpira iliyo ndani ikaguliwe na ipakwe oili kidogo, na kile kishikizo cha plastiki kibadilishwe ikiwa kitabu cha pikipiki kinataka hivyo, kama vingi vinavyotaka. Sukuma mpaka usikie mlio wa kujifunga, kisha uvute kwa nguvu kurudi nyuma. Kiungo kilichosikika kimefunga lakini kikachomoka kwa mkono kimekuokoa na moto.

Mpira ulio ndani ya tanki

Pikipiki nyingi za injekta zimezamisha pampu yake ndani ya tanki, na huko ndani kuna kipande kifupi cha mpira au bomba lenye mikunjo kinachotoka kwenye pampu. Kikipasuka hakileti harufu wala tone nje, kwa sababu petroli hurudi tangini. Dalili yake ni pikipiki kukosa nguvu inapokimbia au kuchelewa kuwaka. Kipande hicho kiwe J30R10 au kipuri cha mtengenezaji. Mpira wa R9, kwa ubora wake wote, umekingwa ndani tu. Ganda lake la nje halikuandaliwa kuogelea kwenye petroli, nalo litavimba na kumeguka, na vipande vitaingia kwenye pampu. Sili ya bamba la pampu iwekwe mpya kila unapolifungua.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Kausha kila mahali, toa matambara yote yenye petroli, na usubiri mvuke upotee. Ndipo urudishe plagi ya pampu na waya wa betri. Tanki likiwa limeinuliwa kiasi cha kukuwezesha kuona viungo, washa swichi bila kugusa stata. Pampu itavuma kwa sekunde 2 au 3 na kunyamaza. Zima, washa tena, na urudie hivyo mara 3 au 4 mpaka mipira ijae. Kila mara pitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungo, kwa kuwa karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni kwenye mpira mweusi.

Ukiona unyevu, hata ukiwa ni mdogo, zima na utoe shinikizo upya kabla ya kukaza chochote. Kukaza klipu huku shinikizo limo ni kurudi kwenye hatari ya kwanza ukiwa na imani ya kwamba umeshamaliza kazi.

Viungo vikiwa vikavu, washa injini iende taratibu kwa dakika chache, ongeza mwendo wake mara kadhaa, kisha izime uvipitie tena kwa karatasi. Shusha tanki, lifunge, na urudie ukaguzi kwa kumulika kutoka chini, kwani sasa mipira imekaa mkao wake wa kudumu. Kizima moto kibaki karibu mpaka hapo. Petroli uliyokinga isimwagwe mtaroni wala ardhini. Ikiwa safi, inarudi tangini kupitia kitambaa cha kuchuja, na matambara yatandazwe nje mbali na moto mpaka yakauke kabisa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuiwasha, inusie pikipiki chini ya tanki. Mpira mpya hujikalia baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa, kwa hiyo baada ya wiki ya kwanza ya matumizi rudia kuzigusa klipu kwa spana, injini ikiwa baridi na shinikizo likiwa limetolewa, na utaona kwamba moja au mbili zinakubali robo ya mzunguko.